Uzito wa Gari la Mama Latifa

Jumatatu, 8 Julai 2024

Ushindi! Na wiki ndiyo kwanza inaanza.

Mama Latifa amenikabidhi gari lake nimuuzie. Hakumpa Fanueli, dalali mwenzangu. Amenipa mimi, Hashimu, dalali wa magari, viwanja na, ikibidi, ng'ombe. Na si gari la kubebea kabichi. La Kijerumani, milango miwili, rangi ya zambarau iliyoiva, paa la kukunja. Unabonyeza kitufe, paa linanyanyuka, linajikunja, linazama kwenye buti taratibu kama mzee anayeingia kitandani. Lushoto nzima hakuna la pili. Marehemu mumewe, Daktari Heri, alikuja nalo aliporudi kutoka masomoni Ulaya. Tangu afariki limekaa uani chini ya turubai.

Mama Latifa anahamia Tanga kwa binti yake. Baridi ya huku imeshaingia kwenye magoti. Nilipomwamkia aliniuliza kama nimewahi kuuza gari la namna hii. Nikamjibu kwamba nimezaliwa kwa ajili ya gari la namna hii. Aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akanipa funguo. Bila shaka alivutiwa.

Nimelileta nyumbani na kuliegesha kwenye banda la viazi, maana nje ukungu hauishi. Mke wangu Mwanahamisi hakuvutiwa. Amesema viazi vinavunwa Jumatatu ijayo, na siku hiyo banda litakuwa la viazi, gari liwe limeuzwa au halijauzwa. Amesema pia kaka yake wa Mombo bado anatafuta mtu wa kufyatua matofali. Matofali! Mombo! Kwenye lile joto! Mimi, mtu wa milimani!

Lakini sina wasiwasi. Mnunuzi ninaye tayari. Anaitwa Yusra, mfanyabiashara wa Tanga, amenunua nyumba ya wageni njia ya kwenda Irente. Anatafuta gari la kifahari la milango miwili, la kupandia mlima kila mwisho wa wiki. Amenipigia mwenyewe. Ana sharti moja tu: liwe jepesi. Kasema zile kona za kutoka Mombo ukizipanda na gari zito ni kama kucheza ngoma na ng'ombe.

Nikamwambia langu ni unyoya. Halina hata paa! Gari lisilo na paa litatoa wapi uzito?

Jumanne, 9 Julai

Fanueli naye ana gari. Nilijua tu. Kila nikipata kitu, Fanueli anapata cha kufanana nacho. Nikiuza mbuzi, anauza mbuzi mwenye pembe. La kwake ni la Kijapani, la njano, milango miwili, paa lake limefungwa moja kwa moja. Dogo kama kiatu cha kushoto. Yusra ameshampigia na yeye.

Leo mgahawani, mbele ya watu, ametangaza kwamba gari la paa la kukunja ni zito kuliko lenye paa la kudumu. Nikacheka. Watu wakacheka pamoja nami. Akaendelea bila aibu. Eti paa ndilo linaloshikilia gari lisipinde. Ukiliondoa, kiwanda kinaongeza vyuma huku chini, la sivyo gari litabonyea katikati kama kitanda cha kamba. Halafu kuna mota za kulikunja hilo paa, na mikono yake, na mafuta yake.

Nikamuuliza kama kwa hesabu hiyo kichwa chenye upara ni kizito kuliko chenye nywele. Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Ushindi!

Hapo ndipo aliposema, "Basi mgosi, mzee wangu, twende kwenye mizani."

Kuna mizani ya malori pale kwenye kiwanda cha mbao. Watu wote wa mgahawani wakainuka na vikombe vyao. Sikuwa na pa kupita.

La Fanueli: tani moja na kitu kidogo. La kwangu: tani mbili, pungufu ya gunia moja tu. Karani wa mizani aliuliza kama kuna mtu kwenye buti. Nikamweleza kwamba mizani ya mbao haijui magari. Akasema mizani haijui hata mbao, inajua uzito tu. Mtu mgumu sana yule.

Sijui ni nani aliyempasha Yusra habari. Jioni alinitumia ujumbe akiuliza kama kweli ni tani mbili. Nikamjibu: "Hiyo ilikuwa kabla." Kabla ya nini, bado sijajua. Nitajua kesho.

Jumatano, 10 Julai

Najua! Kabla ya kupunguzwa!

Nimemwita Dula fundi nikamwambia atoe kila kitu ambacho gari linaweza kwenda bila kuwa nacho. Dula akauliza ni kitu gani hicho. Nikamwambia aanze tu, tutajua litakapogoma.

Tairi la akiba, nje. Jeki, nje. Mazulia, nje. Siti za nyuma, nje, na sijui ziliwekwa kwa ajili ya nani, maana hata mbuzi hawezi kukunja miguu pale. Spika, nje. Mota za paa, nje. Hili la mota lilikuwa wazo langu mwenyewe. Gari linapendwa kwa sababu ya kufunguka. Limeshafunguka. La kulifungia ni nini? Halafu Dula akabandua milango kwa ndani, tukakuta masponji, vibao, mabati, nyaya, takataka tupu. Nje!

Mwanahamisi alipita na beseni lake, akatazama lile rundo, akatazama gari, akauliza ni lipi kati ya hayo mawili linalouzwa.

Tukarudi kwenye mizani. Nilivua koti na viatu kabla ya kulipandisha. Chai ya asubuhi nilikuwa sijanywa, kwa makusudi. Karani akasoma. Limepungua kama ng'ombe mmoja mzima! Bado limemzidi Fanueli, kweli. Lakini ng'ombe mzima! Nimemtumia Yusra ujumbe kwamba gari limepungua mwili na linamsubiri.

Alhamisi, 11 Julai

Yusra amefika. Mwanamke mrefu, miwani, koti la ngozi, anatembea kama anachelewa mahali. Alisalimia huku anaangalia saa.

Nilitegemea atauliza habari za injini. Hakuuliza. Alifungua mlango wa gari la Fanueli, akaufunga. Kwa! Akakunja uso. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Akaja kwangu. Akafungua, akafunga.

Debe! Sauti ya debe tupu lililoanguka kwenye saruji. Kuku wa jirani walikimbia.

Akauliza kwa upole kama ule ni mlango wake wa siku zote. Nikasema ni mlango mwepesi.

Tukaingia barabarani, yeye kwenye usukani. Sikuwa najua kwamba mazulia yana kazi. Kila kokoto lililorushwa na tairi tulilisikia kama limetupiga magotini. Injini ilinguruma ndani kana kwamba imekaa siti ya katikati. Nilimweleza sifa za gari kwa kupiga kelele. Na yeye akauliza maswali kwa kupiga kelele. Watu wa kando ya njia walidhani tunagombana. Kwenye matuta gari liliruka kama mwanambuzi.

Halafu manyunyu yakaanza. Akatafuta kitufe cha paa, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Nikamwambia kitufe kimepumzishwa.

Tulirudi tumelowa. Fanueli alikuwa amesimama chini ya mwavuli. Alikuwa na mwavuli wa pili, akampa Yusra. Mimi hakunipa.

Yusra alifuta miwani yake polepole. "Kaka Hashimu," akasema, "gari hili lina sauti ya shida."

Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyetaka jepesi. Akasema kweli, alitaka jepesi, lakini hakutaka tupu. Akasema mtu hanunui gari la namna hii ili afike. Angetaka kufika angepanda basi. Anataka akifunga mlango, dunia ibaki nje. Kisha akasema atarudi Jumamosi kuliangalia la Fanueli mara ya pili, na pengine atapita na kwangu kusalimia.

Atapita! Mtu hapiti mara ya pili pale asipopapenda. Ushindi.

Ijumaa, 12 Julai

Nilikuwa msikitini, katikati ya hotuba, nikaelewa kila kitu. Mungu anisamehe kwa kutosikia hotuba yenyewe.

Watu wanasema wanataka gari jepesi. Uongo! Wanataka zito. Wanaona haya tu kusema, kama mtu anayekataa nyama ya pili huku anaitazama. Uzito ndio utajiri. Tajiri hatembei kwa kurukaruka.

Dula amerudisha kila kitu. Ametumia kutwa. Zimebaki skrubu za kujaza kiganja, ambazo anasema kiwanda huwa kinaweka za ziada. Paa linafunguka na kufunga tena, ila likifika katikati linasita na kutaka lipigwe kiwiko. Mlango umerudishiwa vitu vyake vyote. Nikaufunga.

Pum.

Ewaa! Sauti nene, ya chini, kama mlango wa benki. Mwanahamisi alitoka jikoni kusikiliza. Akaomba aufunge na yeye. Pum. Akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, akasema sasa limekuwa gari, liache hivyo hivyo.

Mtu mwingine angeliacha. Mimi si mtu mwingine. Kama uzito ni mzuri, uzito zaidi ni mzuri zaidi. Hilo halihitaji shule.

Nimekwenda mtoni na mkokoteni. Nimechagua mawe laini, ya heshima, nikayafunga kwenye viroba, nikayapanga kwenye buti mpaka pasibaki nafasi ila ya paa, mengine chini ya siti za nyuma. Gari likakaa kitako kama tajiri kwenye kochi. Fahari tupu!

Fanueli alipita, akasimama, akauliza kwa nini pua ya gari inaangalia juu. Nikamwambia linamtafuta mnunuzi mwenye hadhi yake.

Jumamosi, 13 Julai

USHINDI! Nitaeleza kwa utaratibu.

Yusra alifika asubuhi, akaanza kwa Fanueli. Alizunguka na lile la njano mpaka sokoni na kurudi. Akashuka akasema linakwenda vizuri sana. Vizuri sana! Nilihisi joto la Mombo mgongoni.

Akaja kwangu kusalimia. Akafungua mlango, akaufunga. Pum. Akasimama. Akafungua, akafunga tena. Pum. "Huu ndio ule ule?" akauliza. Nikasema ulikuwa na mafua.

Mara akatokea Mama Latifa, kwa miguu, na kofia ya sufu kichwani na nyingine mkononi. Yusra alimwamkia kwa heshima zote. Mama akasema amesikia gari linajaribiwa leo, na kama hatujali angependa kubebwa mara ya mwisho mpaka Irente. Nilitaka kukataa, abiria anaharibu biashara. Halafu nikakumbuka: uzito zaidi! Karibu, mama, karibu sana!

Mama akakaa mbele. Mimi nikaingia nyuma, magoti masikioni, juu ya mawe yangu.

Kabla hatujaondoka Mama Latifa aliagiza paa lifunguliwe. Yusra akasema kuna baridi, mama. Mama akampa ile kofia ya pili. Ilikuwa ya Daktari. "Vaa," akasema. Yusra akaivaa bila kubisha. Paa likafunguka, na lilipofika katikati nililipiga kiwiko bila mtu kuona.

Njiani Mama Latifa alisimulia. Kila Jumamosi ya Julai, ukungu ukiwa hivi hivi, Daktari alifungua paa wakaenda Irente. Watu waliacha majembe kuwatazama vichaa hao wawili. Na Daktari alimsalimia kila mtu kwa Kishambaa, mmoja mmoja. Mwanzoni Mama alikuwa anaona aibu. Akamuuliza siku moja kwa nini asifunge vioo kama watu wenye magari. Daktari akasema miaka yote kule ugenini alisalimia watu vioo vikiwa vimefungwa, wala hakumsikia mtu akimjibu.

Basi Mama naye akaanza. "Onga makeo!" kwa wanawake waliokuwa wanapandisha mboga. Wakaitikia wote, wakamtaja jina, wakauliza habari za magoti. Yusra akajaribu na yeye, kwa lafudhi yake ya Tanga mjini. Wanawake wakacheka mpaka mizigo ikayumba, wakamwitikia, wakamfundisha namna ya kulivuta neno. Alipunguza mwendo ili awasikie vizuri. Hakuangalia saa tena. Mimi mengine sikuyasikia. Upepo ulikuwa mkali, na jiwe moja lilikuwa linanila kiunoni.

Tukafika kwenye kona ya udongo, ile yenye mwinuko. Pua ikapanda, mkia ukashuka, kishindo! Gari likaketi juu ya mwamba. Matairi yakazunguka bure.

Yusra akashuka, akainama, akaangalia chini. Kisha akafungua buti. Nikaanza kusoma dua zote ninazozijua.

Alifungua kiroba, akatoa jiwe, akaliinua mbele ya uso wangu.

"Kaka Hashimu, hiki ni nini?"

Nikasema, "Utulivu."

Mama Latifa alicheka. Alicheka mpaka akashika mlango asianguke, mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa kofia. Sikujua kwamba mama yule anaweza kucheka hivyo. Yusra alijitahidi kukaza uso, akashindwa, akajiegemeza kwenye gari akacheka na yeye. Nami nikacheka kidogo, kwa adabu. Halafu Mama akachukua jiwe akalitupa korongoni kwa nguvu ambazo sikuzitegemea. Tukayatupa yote, sisi watatu. Gari likajiinua lenyewe kidogo kidogo, kama mtu anayetua mzigo wa kichwani. Likatoka pale bila shida.

Irente ukungu ulikuwa umefunguka. Tambarare yote ilikuwa chini yetu, na kule mbali Mombo, kwenye vumbi na moto wake. Niligeuza uso. Wao wawili walibaki ndani ya gari, paa wazi. Baadaye Yusra akauliza kama kwenye kona linachosha. Mama akamjibu bila kuficha: ni zito, utalisikia, na ukilikimbiza litakukatalia. Yusra akasema yeye maisha yake yote ni kukimbia. Mama akasema, basi hili ndilo lako.

Yusra akaushika ule usukani kwa mikono miwili.

"Nalichukua," akasema.

Nilirukia hapo hapo nikamuuliza kama ni kwa sababu ya uzito. Akaniambia nikae chini.

Jumapili, 14 Julai

Wameondoka. Yusra amemchukua Mama Latifa mwenyewe mpaka Tanga, kwa gari lile lile, mabegi yake yakiwa siti ya nyuma. Paa wazi, kofia mbili. Nimewasikia wanasalimia watu mpaka walipopotea kwenye kona. Mama aliniaga kwa mikono miwili, akasema hajapata kuagwa na mji vizuri kama jana. Sikumwelewa vizuri, lakini nilimshukuru.

Mwanahamisi amefagia banda. Amempigia kaka yake kumwambia atafute mtu mwingine. Nimekula nyama ya pili bila kukataa.

Kutwa nzima nimekaa nikitafakari: ni nini hasa kilichouza gari? Dalali mzuri lazima ajue. Hadithi za Mama? Nzuri, lakini hakuna anayenunua gari kwa hadithi. Yale masalamu? Salamu ni bure kila mahali. Mlango? Mlango ulisaidia. Lakini tuangalie ushahidi. Jana asubuhi Yusra alikuwa anaelekea kwa Fanueli. Akashika jiwe. Baada ya jiwe, akasema nalichukua. Kati ya jiwe na "nalichukua" hakuna biashara nyingine iliyozungumzwa. Jambo liko wazi kama jua.

Mawe!

Fanueli alikuja jioni, kofia mkononi, akaniuliza kwa unyenyekevu siri ni nini. Nilimhurumia. Ushindi unampa mtu moyo mkubwa. Nikamwambia: uzito, mgosi, uzito. Mara ya mwisho nimemwona anaelekea mtoni na mkokoteni wangu.

Jumatano, 17 Julai

Kazi mpya! Jina langu limeenea.

Leonard, yule anayetembeza wageni milimani, ameniletea baiskeli ya mashindano aliyoachiwa na mgeni mmoja. Nyembamba mno. Leonard aliinyanyua kwa kidole kimoja ili kunionyesha, masikini, akidhani hiyo ni sifa. Na mnunuzi ameshapatikana, Mwalimu Janeth, ambaye kila likizo anashindana kupanda mlima kutoka Soni. Nimeongea naye kwenye simu. Ana sharti moja tu. Eti iwe nyepesi.

Nilitabasamu. Nyepesi! Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi nawaelewa wateja wangu kuliko wanavyojielewa.

Nimechomoa nguzo ya kiti. Mabomba ya ndani ni matupu kabisa, aibu kwa kiwanda. Nimeleta mchanga wa mtoni, uliolowa, unaoshindilika vizuri, nikaumimina kwa faneli ya mafuta ya taa, nikaugonga na mwiko wa Mwanahamisi mpaka ukajaa. Bomba la mbele pia. Usukani pia. Sasa imesimama yenyewe, haihitaji hata ukuta. Ina heshima.

Janeth anakuja kesho kuijaribu mlimani. Nimejaribu kuinyanyua kwa mikono miwili.

Haikunyanyuka. Safi kabisa!